King'amuzi Kisichong'amulika: Taa za Kisanduku cha Runinga na Deni la Wanakiswahili

Taa nyekundu inapowaka mbele ya king'amuzi ilhali kioo cha runinga kimebaki cheusi, watu wa nyumba moja aghalabu hutofautiana kuhusu maana yake. Mmoja husema kifaa kimeharibika. Mwingine husema malipo ya mwezi yamekwisha. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mdogo kuliko wote, huchukua rimoti, akabonyeza kitufe kimoja, na picha ikatokea. Kumbe kisanduku kilikuwa kimelala tu. Pale ambapo mtoto huyo hayupo, fundi hupigiwa simu, akafika kwa bodaboda, naye hulipwa kwa kazi ya kubonyeza kitufe. Tukio la aina hii huchekesha linaposimuliwa, lakini si la kuchekesha kwa aliyelipa. Makala haya yanadai kwamba chanzo chake ni cha kiisimu kabla hakijawa cha kiufundi. Kijitaa kile ni ishara; maana ya ishara hiyo hutokana na makubaliano; nayo makubaliano yenyewe hayajaletwa kwa mtazamaji wa kawaida wa Kenya kwa lugha anayoielewa barabara.

Wanakiswahili hawawezi kudai kwamba kifaa hiki kiliwapita bila wao kujua. Kilipoingia tu, mjadala wa jina ulizuka. Wapo walioshikilia king'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lililofichika. Wapo waliopendelea kisimbuzi, kutokana na simbua, kwa hoja kwamba kazi hasa ya kifaa ni kufungua msimbo, na kwamba simbua hukaa vizuri katika ile familia ya vitenzi vya kutendua pamoja na fumbua, fungua na zibua. Mtaani, watu waliendelea kusema dekoda na maisha yakaendelea. Kwa upande wa usahihi wa kiufundi, kisimbuzi kina nguvu zaidi. Kwa upande wa mazoea, king'amuzi ndicho kilichozoewa na masikio ya wengi nchini, na kwa sababu hiyo ndicho kinachotumika hapa. Hata hivyo, bidii yote iliyotiwa katika jina haikufuatwa na bidii ya kuandika sentensi kumi za kumweleza mnunuzi kile ambacho kifaa chenye jina hilo kinamwambia. Kisanduku kimeitwa king'amuzi, na hakika kinang'amua. Asiyeng'amua ni mwenye nyumba.

Ili kulielewa tatizo hili, yafaa kurejelea hali ilivyokuwa kabla ya mwaka wa 2015. Runinga ya analogia ilikuwa ikijieleza yenyewe. Mawimbi yalipokuwa hafifu, kioo kilijaa chenga, nazo chenga ziliongezeka au kupungua kadiri antena ilivyogeuzwa. Kila aliyekulia katika nyumba yenye runinga enzi hizo anaikumbuka ile tamthilia ya mtu mmoja juu ya paa akizungusha mlingoti na mwingine dirishani akipaaza sauti: hapo, hapo hapo, la, umepita, rudi kidogo. Hakuna aliyehitaji kijitabu cha maelezo. Ugonjwa ulionekana usoni mwa mgonjwa.

Mawimbi ya dijitali hayana tabia hiyo. Picha hubaki safi hata nguvu za mawimbi zinapopungua, kisha nguvu hizo zikishuka chini ya kiwango fulani, picha hukatikakatika kwa miraba na mara ikatoweka kabisa. Hakuna chenga. Mtu aliye juu ya paa hana tena cha kumwelekeza, isipokuwa kama aliye ndani anajua kuufungua ukurasa wa nguvu za mawimbi ambao hufichwa ndani ya menyu, tena mara nyingi kwa Kiingereza. Kenya ilizima mitambo yake ya analogia kwa awamu katika miezi ya mwanzo ya mwaka wa 2015, kabla ya kufika tarehe 17 Juni mwaka huo iliyokuwa imewekwa chini ya mkataba wa Geneva wa mwaka wa 2006. Tanzania ilikuwa imekwishaanza kuzima yake, jijini Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012. Mengi yalisemwa wakati huo kuhusu ubora wa picha, bei ya visanduku na faida za masafa yaliyoachwa wazi. Jambo ambalo halikusemwa ni kwamba mtazamaji alikuwa ananyang'anywa aina moja ya ishara na kupewa nyingine.

Tofauti ya aina hizo mbili inaelezeka vyema kwa nadharia ambayo kila mwanafunzi wa semiotiki huipitia. Mwanafalsafa wa Marekani Charles Sanders Peirce (1839–1914) alitenga ishara za namna tatu: ile inayofanana na kinachorejelewa, kama ilivyo picha, ile iliyofungamana kihalisi na kinachorejelewa, kama moshi unavyofungamana na moto, na ile inayotegemea mazoea au makubaliano, kama lilivyo neno. Chenga za analogia zilikuwa moshi. Zilisababishwa na udhaifu wenyewe wa mawimbi, na kwa hiyo zilisomeka kwa yeyote mwenye macho, awe amesoma au hajasoma, awe wa Lamu au wa Lodwar. Kijitaa cha king'amuzi ni neno. Ni kweli kwamba hakiwaki bila umeme, na kwa kiasi hicho kina uhusiano wa kihalisi na hali ya kifaa. Lakini kwamba wekundu wake umaanishe kulala na ukijani wake umaanishe kuwa macho, hilo ni jambo lililoamuliwa na watu fulani katika kiwanda fulani. Neno la lugha usiyofundishwa halikueleweki hata liking'aa vipi.

Uamuzi huo wa kiwandani nao una historia, na historia hiyo haina uhusiano wowote na mantiki ya mtazamaji. Diodi ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaofaa kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka wa 1962 katika kampuni ya General Electric. Rangi za manjano na kijani zilifuata katika miaka iliyokaribia hapo. Buluu yenye nguvu ilichelewa hadi miaka ya 1990, na ugumu wa kuipata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walituzwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014 kwa kazi hiyo. Kwa miongo kadhaa, basi, watengenezaji wa vifaa vya nyumbani walikuwa na nyekundu, manjano na kijani za bei rahisi, na ndizo walizozipa maana. Visanduku vya baadaye vilipoanza kutumia buluu, baadhi viliipa kazi ambayo vingine vilikuwa vimeipa kijani. Lau diodi ya buluu ingetangulia, huenda leo mafundi wangekuwa wakizungumza lugha tofauti kabisa ya taa.

Ugumu huzidi kwa sababu rangi hizo tayari zilikuwa na maana nyingine nje ya nyumba. Barabarani, nyekundu humwamuru dereva asimame. Viwandani, kipo kiwango cha kimataifa, IEC 60073, kinachoitengea nyekundu maana ya hatari, manjano maana ya hali isiyo ya kawaida na kijani maana ya hali ya kawaida. King'amuzi, kwa upande wake, huwasha nyekundu wakati ambapo hakuna hatari wala kasoro yoyote: kimepumzika tu, kikingoja kuamshwa. Tena hakijalala usingizi mzito. Kinaendelea kula umeme kidogo kidogo usiku kucha, jambo ambalo mlipaji wa tokeni angependa kulijua. Kando yake mezani huenda pana ruta ya intaneti ambayo nyekundu yake humaanisha kwamba mtandao umekatika. Vifaa viwili, rangi moja, maana mbili. Mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, alisisitiza kwamba uhusiano kati ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Wanafunzi hukariri kauli hiyo kwa mifano ya mti na farasi. Meza ya runinga ingewapa mfano ulio karibu zaidi.

Je, taa hizi husomwa vipi? Swali hili linastahili jibu refu kidogo, kwa kuwa ni aibu kulalamika juu ya ukosefu wa maelezo bila kuyatoa. Jambo la kwanza ni kwamba rangi peke yake haitoshi. Pana pia kuwepo na kutokuwepo kwa mwanga, pana mahadhi yake, yaani kama umetulia au huwaka na kuzimika, na pana mahali pake, kwa maana visanduku vingi huwa na taa zaidi ya moja na kila moja ina mada yake. Pasipo taa yoyote, habari ni ya umeme. Visanduku vingi vya antena hutumia adapta ndogo ya volti 12, na adapta hiyo huweza kufa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo huku kisanduku chenyewe kikiwa kizima. Aliyetupa king'amuzi kwa sababu hiyo ametupa gari kwa kukosa petroli.

Pakiwa na taa nyekundu iliyotulia, hatua ya kwanza ni rimoti. Katika visanduku vingi taa huwaka na kuzimika mara moja kila kitufe cha rimoti kinapobonyezwa, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Itikio hilo ni la thamani kubwa kwa mwenye kulisoma. Taa ikiitikia na picha isibadilike, amri imefika na tatizo limo ndani ya kisanduku. Isipoitikia, tatizo liko upande wa rimoti: betri zimekwisha, au kitambaa cha mapambo kimefunika jicho la kisanduku. Wekundu wa mwanga unaotoka kwenye rimoti hauonekani kwa macho ya binadamu, lakini kamera za simu nyingi huuona. Rimoti ikielekezwa kwenye kamera na kitufe kikabonyezwa, nukta ya mwanga hutokea kwenye kioo cha simu. Ukaguzi huu ni bure, na unaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye simu yenye kamera.

Taa inayowaka na kuzimika kwa muda mrefu baada ya kisanduku kuwashwa ina habari tofauti. Katika visanduku vya kebo, vinavyopokea matangazo kwa waya unaoingia nyumbani badala ya antena au dishi, na ambavyo Wamarekani wamevitumia kwa miongo mingi huku Nairobi ikiwa navyo katika baadhi ya mitaa tu, dalili hiyo kwa kawaida humaanisha kwamba kisanduku kinatafuta mawimbi kwenye waya au kinapokea programu mpya kutoka kwa kampuni. Visanduku vya antena na dishi navyo hufanya vivyo hivyo vinapopokea programu. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuchomoa plagi, maana programu iliyoandikwa nusu huweza kukiacha kisanduku kikiwa jiwe. Ndio pia wakati ambapo watu wengi huichomoa, kwa kuwa taa isiyotulia huonekana kama kilio.

Taa ya mawimbi, pale inapokuwepo, ndiyo iliyorithi kazi ya chenga, ingawa imerithi kidogo tu. Huwaka kisanduku kinaponasa mawimbi na huzimika kinapoyakosa. Haisemi yamekosekana kwa kiasi gani. Ikizimika, pa kutazama ni kwenye antena, dishi au kebo, hususan kwenye vichwa vya kebo. Uzi mmoja mwembamba wa wavu wa nje unaogusa waya wa katikati unatosha kuharibu kila kitu, na maji ya mvua yakiingia kwenye kichwa kilicho nje matokeo ni yayo hayo. Mvua kubwa yenyewe huweza kuyafifisha mawimbi ya setilaiti, na hapo dawa ni subira. Taa hii ikiwaka bila picha kuonekana, antena haina kosa, na kumpandisha mtu juu ya paa ni kumhatarisha bure. Sababu hutafutwa kwingine, na ya kwanza ni malipo. Kijitaa hakijui mambo ya fedha. Idhini ya kutazama baada ya kulipa hurushwa hewani ikielekezwa kwa namba ya kadi au ya kisanduku husika, na kisanduku kilichozimwa kabisa hakiipokei. Kwa hiyo aliyelipa hana budi kukiacha kikiwa kimewashwa kwa muda. Wateja wa DStv wamejifunza kwa uzoefu kwamba E48-32 kwenye kioo ni habari ya mawimbi na E16 ni habari ya idhini. Wamejifunza, yaani, msamiati wa lugha ya kigeni ambao hakuna shule iliyowafunza.

Mipaka ya taa ilidhihirika waziwazi katika majuma yaliyotangulia na kufuatia mwisho wa Februari 2015. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 13 Februari na mvutano kati ya wamiliki wa vyombo vya habari na Mamlaka ya Mawasiliano, vituo vya NTV, KTN, Citizen na QTV vilitoweka hewani hadi mwanzoni mwa Machi. King'amuzi kisichokuwa na kasoro yoyote hakingeweza kuvionyesha, na taa yake, ikiwa ya kijani na iliyotulia, ilikuwa inasema kweli: mawimbi yapo, kifaa ki macho. Ukweli huo haukujibu swali la mtazamaji. Kwa maneno ya Roman Jakobson, taa ilitekeleza ile dhima ya kudumisha mawasiliano, ile ya kusema nipo, ninakusikia, bila kubeba ujumbe. Kumbe hata taa ya kijani yafaa kufasiriwa kwa tahadhari.

Mapokeo ya fasihi simulizi yana picha inayolingana na hali hii. Katika kitendawili, anayeshindwa kutegua humpa mtegaji mji, na baada ya kuupokea mtegaji hutoa jibu. Mchezo huo ni wa haki kwa sababu pande zote mbili zimekulia katika lugha moja na mazingira mamoja. Aliyeshindwa leo angeweza kushinda, na akishapewa jibu hubaki nalo. Kijitaa hutega kitendawili kwa mtu ambaye hakupewa nafasi hiyo. Mji hutolewa kwa shilingi, na aghalabu fundi huondoka na jibu lake ili arudi mwezi ujao. Fundi asilaumiwe sana kwa hilo. Naye alijifunza kwa kubahatisha, na anakula kwa kile anachokijua.

Pana wanaodai kwamba Kiswahili hakina nyenzo za kueleza mambo haya, hasa rangi. Ni kweli kwamba vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -ekundu, -eupe na -eusi. Nyingine ni nomino zilizoazimwa kazi: kijani kutokana na jani, manjano ambayo ni kiungo cha jikoni, chungwa ambalo ni tunda. Lakini tofauti hiyo ni ya kisarufi, si ya uwezo. Anayesema taa nyekundu na taa ya kijani ameeleweka. Hata ile rangi iliyo kati ya manjano na chungwa, inayowasumbua wafasiri wa maelezo ya vifaa, ina neno kaharabu kamusini kwa atakayelihitaji, ijapokuwa kwa kijitabu cha nyumbani rangi ya chungwa inatosha.

Kwa mwendo wa mwanga, Kiswahili kina utajiri unaoweza kuwa tatizo. Taa huwaka, hufifia, hukoza, humetameta, hupepesa, hukonyeza, humweka. Mfasiri mwenye hamu ya kuonyesha msamiati ataparamia kumweka, kwa kuwa kamusi humuunga mkono. Naye msomaji, akilikuta neno hilo kwenye karatasi, atajiuliza ni nani anayewekwa na anawekwa wapi. Kupepesa ni kuzuri lakini kumezoea kuandamana na macho. Kuwaka na kuzimika ni maneno mawili badala ya moja, hayana fahari yoyote, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili kutoka Vanga hadi Busia atakayeuliza maana yake. Hayo ndiyo yanayofaa kuchukuliwa. Isitoshe, sarufi ya lugha hii inaonekana kana kwamba iliundwa kwa maelezo ya namna hii. Kiambishi -ki- cha masharti na mwenzake -sipo- hufanya kwa silabi moja au mbili kile ambacho vijitabu vya Kiingereza hukifanya kwa majedwali: taa ikiwa nyekundu, bonyeza rimoti; ikiwaka na kuzimika, ngoja bila kuchomoa plagi; isipowaka, kagua soketi na adapta. Sentensi tatu hizo zingebandikwa chini ya kisanduku zingeokoa fedha za watu wengi.

Hatari iliyopo ni ya upande mwingine. Mwanakiswahili akikabidhiwa kazi hii huenda akaandika kitenzambali mahali pa rimoti, na akatunga istilahi mpya ya diodi, na ya plagi, hadi kijitabu chenyewe kikahitaji faharasa. Hapo atakuwa ameondoa kufuli ya kigeni na kutia ya kienyeji. Uundaji wa istilahi una mahali pake katika vitabu vya fizikia. Mtu aliyekaa gizani akitaka taarifa ya saa moja anahitaji maneno anayoyatumia kila siku.

Wala isidhaniwe kwamba kusoma mianga ni jambo geni kwa watu wa eneo hili. Wakulima na mabaharia wa pwani walikisoma Kilimia angani kwa ajili ya kupanda na kusafiri. Madereva wa matatu humulikiana taa mchana ili kuarifiana kwamba polisi wako mbele. Enzi ambapo muda wa maongezi ulikuwa ghali, vijana wa Afrika Mashariki waliunda lugha nzima ya kubipu, ambapo simu iliyolia mara moja na kukatwa ilimaanisha jambo moja na iliyolia mara mbili ikamaanisha jingine. Mifano yote hii ina sifa moja: maana ilikubaliwa na watumiaji wenyewe, kwa lugha yao, nao wakarithishana. Kile ambacho king'amuzi kinakosa si watu wenye akili ya kukisoma.

Suala hili lina upande wa haki pia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, sambamba na Kiingereza, lugha rasmi. Mtu akivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, kisha akafungua katoni ya kisanduku na kukuta kijikaratasi cha Kiingereza chenye herufi ndogo kuliko sisimizi, ni vigumu kuona jinsi haki ya kwanza inavyotekelezwa kwa mwananchi ambaye lugha yake ya kusomea ni ile ya kifungu cha 7. Wauzaji watasema gharama. Karatasi yenyewe tayari imechapishwa; upande wake wa nyuma mara nyingi ni mtupu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba visanduku hivi vinaelekea kuondoka. Runinga mpya nyingi zina king'amuzi ndani yake, na vijana hutazama vipindi kwa simu. Hoja hii ina ukweli, lakini kijitaa hakiondoki pamoja na kisanduku. Kimehamia kwenye ruta, kwenye taa za sola zinazolipiwa kidogo kidogo, kwenye chaja za pikipiki za umeme, na kwenye mita ya tokeni ambayo taa yake huwaka na kuzimika kwa kasi zaidi kadiri umeme unavyotumika kwa wingi. Mwenye kuijua maana ya hiyo ya mwisho anaweza kuzima pasi, akarudi kuitazama mita, na kuona kwa macho yake pasi inakula kiasi gani. Asiyeijua huiona kama mapambo.

Pana pia wale wasioona rangi fulani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Kwingineko idadi huwa ndogo zaidi, lakini wapo kila mahali. Kwa mtu kama huyo, kijitaa kimoja kinachogeuka kutoka nyekundu hadi kijani mahali palepale hakigeuki kabisa. Maelezo mazuri yangemtajia mahadhi na mahali, si rangi peke yake.

Kazi ya kuanzia si kubwa. Darasa moja la tafsiri, badala ya kupewa kwa mara nyingine dondoo la riwaya, lingeweza kupewa karatasi za maelezo za vifaa vitano vya nyumbani, likazifasiri, kisha rasimu zikapelekwa kwa watu ambao hawajawahi kuingia chuoni: mama wa duka la rejareja, bawabu wa zamu ya usiku, babu aliyestaafu. Mahali watakapokwama ndipo pa kurekebishwa, hata kama neno lililowakwamisha lina baraka za kamusi tatu. Semina ya semiotiki nayo ingekuwa na maswali yake ya kuchunguza, kwa mfano watu wa mitaa mbalimbali wamekwishaziita vipi hali hizi za taa bila kumngoja mtaalamu. Mita ya tokeni ndiyo inayofaa kutangulia, kwa sababu imo katika nyumba nyingi kuliko king'amuzi, na kwa sababu kosa la kuisoma hulipiwa kila siku.